Saluni ya Mama Bubu

Jina lile alipewa kwa kudhihakiwa, naye akalichukua akalipaka rangi. Fundi wa mabango alipomuuliza aandike nini juu ya mlango wa saluni, alimjibu, "Andika Saluni ya Mama Bubu. Herufi kubwa, nyekundu."

Fundi akashusha brashi. "Mama, utafukuza wateja."

"Wateja wanafuata mkono, hawafuati bango. Andika."

Mimi nilianza kusukwa pale rangi ya bango ikiwa bado mbichi. Habari hii nimeipata kwa vipande. Vingine alinipa mwenyewe, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti yake, na vingine niliviona kwa macho yangu.

Alikuwa ameolewa na fundi makochi. Mwanamume mtanashati, mikono inanukia gundi na ngozi, mcheshi mbele ya wateja na mzito nyumbani. Walipanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye uwanja mmoja, bomba moja na masikio mengi. Mungu akawapa mtoto mmoja, msichana. Alikaa kwa wakati wake, akatambaa kwa wakati wake, akatembea, lakini hakusema. Watoto wa wapangaji waliozaliwa nyuma yake wakaanza kuita mama, kuomba maji, hata kutukana. Yeye kimya. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na bomba la uani akisikiliza maji yakidondoka ndooni. Ukimwondoa analia, ukimrudisha ananyamaza.

Aliyetia moto kwenye ndoa ile ni wifi, dada yake fundi makochi. Alikuwa na duka la vitambaa, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kila akija kuwatembelea alimpigia mtoto makofi nyuma ya masikio kumjaribu kama anasikia, kisha anamtazama kaka yake na kutikisa kichwa. "Kwetu sisi tunazaa watu wanaosema," alikuwa akisema, kama mtu anayesifia kitambaa chake. Maneno hayo yakamwingia kaka. Akaanza kurudi nyumbani amekunja uso, na mwisho akaanza kutorudi.

Siku aliyohama ilikuwa siku ya kufua. Wapangaji wote walikuwa uani na mabeseni yao. Alikuja na mkokoteni wa kubebea cherehani yake ya kushonea makochi, na dada yake akaja kusimamia kazi. Mke hakupiga kelele. Alimfuata hadi getini, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto nimwambie nini?"

Fundi makochi angeweza kumjibu kwa sauti ile ile ya chini. Lakini dada yake alikuwa anatazama, na wapangaji walikuwa wanatazama, akataka kuonekana mwanamume. Akasema uwanja mzima usikie, "Bubu huyu si damu yangu. Kamtafute mwenye bubu wake."

Wifi akacheka. Mpangaji mmoja akacheka pia, akainamia beseni lake kwa haya. Mtoto alikuwa pale bombani, mgongo amewapa.

Mama Bubu alifua nguo zake zote siku hiyo, akazianika moja moja. "Ningelia pale," aliniambia, "wangeondoka na machozi yangu juu ya mkokoteni, pamoja na cherehani." Tangu siku hiyo wapangaji wakamwita Mama Bubu, kwanza mgongoni, halafu usoni. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Na yeye akajiambia: iteni, iteni sana, kuna siku jina hili litawachoma mdomoni.

Kusuka alijifunzia nyumbani kwao, kwa dada zake. Alianza kwa kuwasukia watu barazani, halafu akapanga chumba kidogo kando ya barabara, kati ya duka la dawa na fundi viatu. Kulikuwa na vioo viwili, beseni la kuoshea, benchi la kusubiria na mashine mbili za kukaushia nywele ambazo sisi tuliziita draya. Mtoto alilelewa mle ndani, katikati ya vitana, pini na vifungu vya nywele za bandia. Alikuwa haguswi na mazungumzo yetu. Lakini draya ikiwashwa anainua kichwa, na baada ya muda anaanza kuguna pamoja nayo, mdomo umefungwa.

Sisi tulimwona anacheza tu. Aliyetushtua alikuwa mteja mmoja, mwalimu wa muziki, mama wa makamo mwenye miwani mizito. Alikuwa chini ya draya moja, mimi chini ya nyingine. Akainuka ghafla, rola bado kichwani, akasema, "Hebu nyamazeni." Tukanyamaza. Draya zote mbili zilikuwa zinavuma, kila moja na mvumo wake, na mtoto alikuwa anaguna. Mwalimu akazima yake, mtoto akabadilisha. Akaiwasha tena, mtoto akarudi alipokuwa.

"Mashine mbili, sauti mbili," mwalimu akasema. "Mwanao anaweka ya tatu. Nina kwaya ya watu wazima, wengine wana ndevu, na hawaiwezi."

Mama Bubu aliendelea kusuka. "Mwanangu hasemi, mwalimu."

"Mimi sijakuuliza kama anasema."

Wiki ile mwalimu aliwapeleka kwenye chumba cha muziki cha shule yake. Kulikuwa na piano kuukuu, mbao zake zimepauka. Mtoto alipandishwa juu ya kiti. Akaanza upande wa kushoto, akabonyeza kibao kimoja kimoja akielekea kulia, taratibu, kama anayesalimia watu waliopanga mstari. Karibu na katikati akasimama. Akakibonyeza kibao kimoja tena, na tena. Akageuka akamtazama mama yake.

"Hii inaumwa," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza duniani. Watoto wengine hupiga hodi kwa neno moja, yeye aliingia na sentensi nzima. Na alisema kweli: waya wa kibao kile ulikuwa umelegea, mwalimu aliujua na alikuwa hajapata fundi wa kuukaza. Mwalimu akavua miwani akaifuta.

Nilimuuliza Mama Bubu alijisikiaje. Nilitegemea aniambie kwamba alimkumbatia mwanawe, au alimshukuru Mungu. Akasema, "Nilitaka kukimbia pekupeku mpaka kwenye karakana ya makochi, nimkamate shati, nimwambie. Halafu nikajizuia. Nikasema ngoja. Nikimrushia jiwe hili sasa atalidaka. Acha kwanza liwe zito."

Basi akaanza kulifanya zito.

Kulea mtoto wa namna ile peke yako si mchezo. Kengele ya shule ilikuwa na ufa, ikigongwa mtoto anaziba masikio na kugoma kuingia darasani. Walimu wakasema ni kiburi. Mama yake alikwenda akaketi nje ya ofisi ya mkuu, na kitana bado kimechomekwa nywelani, mpaka mtoto akaruhusiwa kuingia kabla ya kengele. Saluni nako draya moja ilianza kukoroma, mtoto akawa hawezi kukaa mle ndani ikiwaka, tukawa tunakaushwa kwa zamu kwenye ile nzima mpaka ile mbovu ilipotengenezwa. Mteja mmoja akalalamika kwamba amekuja saluni, hakuja kanisani. Mama Bubu akamwonyesha mlango kwa kitana.

Mwalimu alifundisha bila kutaka chochote, na baadaye akaazima kinanda cha umeme, kikawekwa nyuma ya pazia pale tulipokuwa tukibadilishia nguo. Msichana alipiga kila akitoka shule. Mikono yake ikawa mali ya serikali. Haoshi vyombo, hakati vitunguu, haruki kamba. Watoto wenzake walimwita dirishani mpaka wakachoka.

Na alipokuwa akipiga, mama yake, akiwa amesimama juu ya kichwa cha mtu, alimwambia neno lile lile siku zote: "Piga kama kuna mtu mlangoni amekuja kukucheka."

"Nani?" mtoto aliuliza akiwa mdogo.

"Wewe piga."

Baadaye akaacha kuuliza.

Siku moja mwalimu alimvuta Mama Bubu pembeni, lakini saluni ilikuwa ndogo, pembeni ni pale pale. "Mwenzangu," akamwambia, "hivi wewe unalea mtoto au unanoa kisu?"

"Vyote viwili. Mkono mmoja unatosha kwa vyote viwili."

"Kisu hakichagui cha kukata."

"Hiki nitakichagulia."

Mwalimu hakulirudia neno lile tena, ila alianza kumchukua msichana Jumapili akakae na wanawe, wale pamoja, wacheke, waruke kamba mikono ikiwa hatarini. Mama Bubu alijua, akanyamaza. Nadhani ni kitu pekee alichompa mwanawe ambacho hakikuwa na jina la fundi makochi ndani yake.

Msichana alipokaribia miaka kumi na minne alishiriki mashindano makubwa ya vijana, yale yaliyoonyeshwa kwenye televisheni. Tulimtazama pale saluni, televisheni imewekwa juu ya kabati la mafuta. Alipiga kipande kirefu ambacho mimi sikukielewa, lakini nakumbuka kwamba mwenye rola alisahau rola na mwenye mtoto alisahau mtoto. Alishinda. Mtangazaji akamwinamia, akamuuliza kama anatoka kwenye familia ya wanamuziki.

"Hapana. Natoka saluni."

Ukumbi ukacheka. "Saluni gani hiyo, tuijue?"

"Saluni ya Mama Bubu."

"Kwa nini ya Mama Bubu?"

"Bubu ni mimi," akasema, na wakacheka tena, kisha wakasimama wote kumpigia makofi. Mama Bubu alikuwa ukumbini, kamera ikamwonyesha. Hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa anatazama ndani ya kamera moja kwa moja, na sisi wa saluni tulijua anamtazama nani.

Chuo cha muziki cha ng'ambo kikamchukua msichana, kila kitu juu yao. Kabla ya kuondoka ikaandaliwa shughuli ya kumuaga kwenye ukumbi ule ule. Hapo ndipo samaki walipokuja wenyewe nchi kavu.

Alitangulia wifi. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, mimi niko chini ya draya. Akaingia na kilemba cha hariri, akafungua mikono. "Wifi yangu jamani. Umenitupa."

Mama Bubu akamtazama, akapangusa kiti. "Karibu, wifi. Kaa. Unataka mistari?"

Sote tulishangaa. Wifi akakaa, akafungua kilemba, na Mama Bubu akaanza kumsuka, mistari myembamba iliyonyooka, kazi safi. Wifi akazungumza. Kwamba walikuwa wadogo, kwamba shetani ana nguvu, kwamba yeye siku zote alimwona mtoto yule ana nyota. Mama Bubu alipofika nusu ya kichwa ndipo wifi akasema, "Kaka yuko nje ndani ya gari. Anaona haya kuingia."

"Mwambie aingie. Haya haina kazi humu."

Fundi makochi akaingia. Alikuwa amenenepa na kupata upara wa katikati. Mkononi alikuwa na boksi lenye dirisha la nailoni, na ndani ya boksi mwanasesere mwenye gauni la waridi. Msichana alikuwa amekaa kwenye benchi akipitia noti zake za muziki, vidole vinacheza juu ya paja. Akasimama kumsalimia, na alikuwa anamfikia masikioni. "Shikamoo," akasema. Baba akajibu marahaba, akalitazama lile boksi, akalihamishia mkono wa pili.

"Nimekuja tuyamalize," akamwambia Mama Bubu. "Damu nzito kuliko maji. Siku ya shughuli naomba nitambulishwe pale mbele kama baba. Watu wananiuliza karakanani, nakosa la kusema."

Mama Bubu hakuacha kusuka. "Nakubali. Utatambulishwa."

Hata mimi nilishtuka.

"Ila kuna neno ulilisema siku ile getini. Lirudie hapa. Lirudie vile vile, sauti ile ile, halafu nakutambulisha."

Wifi akacheka kidogo. "Ah, wifi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Mwenye kovu usidhani kapoa, wifi. Inamisha kichwa."

Mwanamke aliyekuwa chini ya draya ya mlangoni akaizima ili asikie. Nami nikazima yangu. Aliyekuwa anaoshwa nywele aliinua shingo, maji yakimtiririka mgongoni, asikose kitu.

"Nilisema," fundi makochi akaanza, "nilisema kwamba mtoto ana matatizo ya kuongea."

"Sivyo."

"Ni zamani. Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," akasema msichana.

Mikono ya Mama Bubu ikasimama. Hakuwahi kumwambia mtoto neno lile. Kwetu sisi alilisema, lakini kila mara alihakikisha msichana yuko shuleni au kwa mwalimu.

Msichana kwanza hakusema. Aliguna, mdomo umefungwa, na kwenye mguno ule tulisikia mtu mzima anasema sentensi getini: inapanda, inasimama kidogo, inashuka kwa nguvu. Nilimwona fundi makochi anabadilika rangi kabla neno halijatoka. Halafu likatoka, kwa sauti nzito ya mwanamume kijana, sauti ya koo lisilo lake. "Bubu huyu si damu yangu. Kamtafute mwenye bubu wake." Na bila kupumzika akacheka, kicheko chembamba cha mwanamke, ngazi tatu kwenda juu. Kila aliyekuwa mle ndani alimgeukia wifi, kwa sababu kicheko kile kile tulikuwa tumekisikia muda si mrefu kutoka kwenye kiti.

Kisha akarudi kwenye benchi akakaa.

Fundi makochi akaweka boksi la mwanasesere juu ya meza ya vitana, akatoka. Tukasikia mlango wa gari, kisha gari likaondoka, na dada yake bado yuko kitini.

Wifi akapapasa kichwa. "Basi nimalizie nywele, niende."

"Nimemaliza."

"Na upande huu?"

Mama Bubu akakung'uta taulo. "Huo kamtafute mwenye nusu yake."

Alitoka na kilemba chake, upande mmoja umelala, upande mwingine umefura kama nundu. Mtaa ule una wasusi wengi. Habari ilitembea haraka kuliko yeye. Kila alikoingia aliambiwa leo kuna foleni, leo umeme hakuna, leo mkono unauma. Huko mbali sijui nani alimsitiri.

Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikatuuma. Mama Bubu naye alicheka, lakini wateja walipopungua nilimwona amekaa karibu na mwanawe.

"Kwa nini hukuniambia kama ulisikia?"

"Nilijua unajua," msichana akasema. "Ulipokuwa unaniambia nipige kama kuna mtu mlangoni, nilijua ni nani."

Mama Bubu akainuka, akaenda kufagia nywele sakafuni, nywele ambazo zilikuwa zimeshafagiwa.

Ukumbini, siku ya kumuaga, fundi makochi alikuja, kiti cha nyuma kabisa, kama mtu aliyeingia kujikinga na mvua. Mshereheshaji alipoomba wazazi wa msichana wasimame, Mama Bubu alisimama peke yake. Hakukaa haraka. Aligeuka nyuma, akapekua safu kwa macho mpaka akaupata ule uso, akautazama kwa muda wa kutosha watu walio jirani nao kugeuka pia. Ndipo akakaa. Aliniambia chakula chote alichokula siku ile kilikuwa kitamu, hata maji.

Ningependa kusema moyo wake ulitulia hapo. Haukutulia.

Msichana aliporudi likizo ya kwanza, mrefu zaidi, na nywele kazisuka mwenyewe vibaya, alitoka asubuhi bila kuaga, akaenda kwenye karakana ya makochi. Alikaa huko mpaka mchana. Habari ilimfikia mama yake kabla yake, kwa mteja, kama kawaida ya habari. Mama Bubu hakugomba. Alimnunia mwanawe, akamwekea chakula bila neno, akampa mgongo. Mimi nilikuwa pale uvumilivu ulipomwisha.

"Alisemaje?"

"Hakusema sana."

"Alifanyaje?"

"Alilia."

Kitana kikasimama juu ya kichwa changu. "Alilia." Akalitafuna neno lile taratibu. "Alilia vipi? Kwa sauti, au kimya kimya? Alilia kama mtoto au kama mtu mzima?" Akaegemea mbele, na macho yake yalikuwa na njaa ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyeshiba. "Wewe unaweza, mwanangu. Nifanyie nisikie."

Msichana alimtazama mama yake kwa upole mwingi. "Hiyo sikupi, mama."

"Mara moja tu."

"Sikupi. Nitakupa kingine chochote." Akaenda nyuma ya pazia, akawasha kinanda, akaanza mazoezi yake.

Mama Bubu alisimama pale, anasikiliza, si kinanda. Kisha akarudi kichwani kwangu, akashika fungu la nywele akalivuta kwa nguvu iliyonitoa machozi.

"Taratibu, Mama Bubu," nikamwambia. "Hiki kichwa si cha yule bwana."

"Najua," akasema, akavuta tena.